Kijiji Kinapogeuka Mtaa

Mwanakijiji wa Tanzania ana mamlaka ambayo mkazi wa Dar es Salaam hana. Kijiji kilichosajiliwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ni nafsi mbele ya sheria. Halmashauri yake, yenye wajumbe 15 hadi 25, inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na hata kutunga sheria ndogo, ilimradi halmashauri ya wilaya iziridhie. Na juu ya halmashauri hiyo yupo mkubwa wake, yaani mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake bila kuchaguliwa na mtu. Sheria iliyofuata, Na. 8 ya mwaka huohuo, ndiyo ya miji. Humo, pamoja na marekebisho yake ya baadaye, mtaa una mwenyekiti aliyechaguliwa, kamati ya wajumbe wasiozidi sita na mtendaji aliyeajiriwa. Hautungi sheria ndogo, wala hauna nafsi yake ya kumiliki kitu. Kazi yake ni kushauri, kuandikisha wakazi na kutekeleza yaliyokwisha kuamuliwa manispaa.

Tofauti hiyo isingekuwa na uzito kama vijiji vingebaki vijiji na miji ikabaki miji. Lakini sensa ya 1967 ilikuta watu wapatao 273,000 Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Watu hao hawakurundikana Kariakoo. Walikwenda pembezoni, wakanunua viwanja vilivyopimwa kwa hatua za miguu, wakaandikishana mauziano mbele ya mwenyekiti na mjumbe wa nyumba kumi, wakaanza na chumba kimoja huku tofali za awamu ya pili zikiota majani uani. Huko pembezoni palikuwa na vijiji, na vijiji hivyo vimegeuka mitaa. Maoni ya wenyeji hukusanywa, ni kweli, lakini uamuzi hutoka serikalini kupitia Gazeti la Serikali. Baada ya hapo ardhi iliyokuwa chini ya halmashauri ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, haiko tena mikononi mwake. Mkutano uliokuwa na kauli ya mwisho unabaki mkutano wa kupewa taarifa. Watu wanasema eneo lao limepandishwa hadhi, na kwa thamani ya kiwanja hawakosei.

Je, ndivyo inavyokuwa kila mahali mji unapokua? Swali hili lina majibu zaidi ya moja, na nimeona ni vizuri kuyaweka kando kwa kando.

Boston ni mfano wa kale. Miji ya New England, huko kaskazini mashariki mwa Marekani, tangu karne ya 17 iliendeshwa kwa mkutano wa mji, ambamo wapiga kura wenyewe, wala si wawakilishi wao, hukaa ukumbini, husoma bajeti mstari kwa mstari, na hupiga kura juu ya barabara, shule na mshahara wa karani. Boston nayo iliishi hivyo kwa karibu miaka 200. Kufikia 1820 ilikuwa na watu wapatao 43,000, na ukumbi wa Faneuil, uliokuwa umepanuliwa mwaka 1806, haukuweza tena kuwabeba. Mwaka 1822 wakazi walipiga kura kuufuta mkutano wao na kuwa jiji lenye meya na baraza. Hawakukurupuka: mapendekezo ya namna hiyo walikuwa wameyakataa zaidi ya mara moja. Ndipo ilipo tofauti ya kwanza na kwetu. Waboston waliuzika mkutano wao kwa kura zao wenyewe, ilhali kijiji cha Tanzania hugeuzwa mtaa kwa tangazo. Hata hivyo kilichofuata kinafanana. Jiji jipya lilipata mitaa iliyofagiliwa na soko kubwa alilolisimamia meya wa pili, Josiah Quincy. Raia akapata huduma na akapoteza kiti.

Brookline, jirani yake, ilichagua njia nyingine. Mwaka 1873 ilikataa kuunganishwa na Boston, na ikashikilia hivyo hata Boston ilipokuja kuizunguka karibu pande zote. Ilipozidi kujaa watu, mwaka 1915 ikabuni mkutano wa mji wa uwakilishi: kila eneo linachagua majirani kadhaa, jumla yao siku hizi ni zaidi ya 200, nao ndio hukaa ukumbini kwa niaba ya wengine. Sensa ya 2020 iliikuta Brookline na watu zaidi ya 63,000, na bado kwa sheria ni mji mdogo wenye mkutano wake. Framingham, mji mwingine wa jimbo hilohilo la Massachusetts, ulishikilia mkutano hadi ukaitwa mji mdogo mkubwa kuliko yote, kisha ukakubali kuwa jiji tarehe 1 Januari 2018. Kwa hiyo idadi ya watu peke yake haiamui. Ukubwa hulazimisha mabadiliko, lakini haulazimishi mabadiliko ya aina moja.

Tusiupambe mkutano wa mji kupita kiasi. Mtaalamu wa siasa Frank Bryan wa Vermont, jimbo jingine la New England, pamoja na wanafunzi wake, alifuatilia mikutano zaidi ya 1,500 ya jimbo hilo kati ya 1970 na 1998, akakuta kwamba kwa wastani waliohudhuria ni kama asilimia 20 ya wapiga kura, na kwamba mji ulivyokuwa mkubwa ndivyo sehemu ya wahudhuriaji ilivyopungua. Mwenyekiti yeyote wa mtaa wa Temeke angemwambia hivyo bila utafiti. Tena miji ya New England, enzi za ukoloni wa Kiingereza, ilikuwa na desturi ya kuwaonya wageni maskini waondoke ili wasije kuwa mzigo kwa fungu la kuwasaidia wahitaji. Demokrasia yao ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na bawabu. Ninachokihusudu kwao ni kitu kidogo zaidi: tangazo. Vermont hukutana Jumanne ya kwanza ya Machi, na hoja zote lazima zibandikwe hadharani angalau siku 30 kabla. Jambo ambalo halikutangazwa haliwezi kuamuliwa siku hiyo likawa na nguvu ya sheria. Mkutano wa mtaa kwetu hutangazwa kwa kipaza sauti juu ya bajaji, au siku hizi kwa ujumbe wa WhatsApp jioni ya kuamkia siku yenyewe, na ajenda huijua aliyeiandika.

Japani ilipitia jambo letu hili kwa kasi na kwa upana ambao sisi hatujaufikia. Kati ya 1888 na 1889 serikali ya Meiji iliunganisha vijiji na miji yake, kutoka 71,314 hadi 15,859 ndani ya mwaka mmoja hivi. Vijiji zaidi ya 55,000 vilikufa kisheria. Lakini havikufa kwa matendo. Viliendelea kugawana maji ya mpunga, kutunza hekalu na kuandaa sikukuu, na katika miji iliyokuwa ikikua karne ya 20 majirani waliokuja kutoka vijiji mbalimbali walijiundia vyama vya ujirani vinavyoitwa chonaikai. Vyama hivyo vipo hadi leo, karibu 300,000 nchi nzima. Hulipia taa za vichochoroni, hufanya mazoezi ya tetemeko na moto, hupanga zamu ya kufagia pale taka zinapokusanywa na kutandaza wavu ili kunguru wasizichakure. Habari huzunguka kwa ubao mwepesi uitwao kairanban: nyumba ya kwanza husoma, hugonga muhuri wake mdogo kuonyesha imesoma, kisha humpelekea jirani wa pili. Kwetu muhuri ni wa ofisi, na mwananchi huufuata akihitaji barua ya kufungulia akaunti ya benki au kumdhamini ndugu yake polisi. Kule, kwenye ubao huo, muhuri ni wa nyumba, nao ndio unaoithibitishia jumuiya kwamba habari imefika. Sisemi kwamba moja ni bora. Barua ya mtaa imemwokoa mtu asiye na kitambulisho mara nyingi kuliko tunavyokiri. Lakini muhuri unaofuatwa ofisini na muhuri unaotembea nyumba kwa nyumba hujenga majirani wa namna mbili tofauti.

Historia ya chonaikai ina upande wake wa giza, na upande huo unatuhusu. Mwaka 1940 serikali ya vita iliwapanga Wajapani wote katika vikundi vya nyumba kama kumi, tonarigumi, chini ya vyama hivyo vya ujirani. Vikundi hivyo vilizima moto wa mabomu na kugawa mchele wa mgawo. Vilevile vilichunga nani anasema nini. Wamarekani walipoikalia nchi walivipiga marufuku mwaka 1947, na baada ya 1952 wakazi wakavifufua vyama vyao bila amri ya mtu. Msomaji wa Tanzania hawezi kusoma habari hizo bila kumkumbuka balozi wa nyumba kumi. TANU iliuanzisha mfumo huo katikati ya miaka ya 1960, na kwa muda mrefu balozi alikuwa msuluhishi wa ndoa, mwandikishaji wa wageni, mgawaji wa foleni ya sukari na, kwa baadhi ya watu, sikio la chama. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, mashina ya nyumba kumi yalibaki kuwa ya CCM, chama kilichoirithi TANU, na serikali ya mtaa ikachukua kazi za dola. Kwa sheria, utengano ni safi. Kwa maisha ya kila siku, si hivyo: mpangaji mpya bado huambiwa akajitambulishe kwa balozi, yaani mjumbe, na mwenye ugomvi wa mpaka humwendea yeye kwanza, awe wa chama hicho au asiwe. Wajapani walianza na chama cha majirani, dola ikakiteka, kisha wakakirudisha. Sisi tulianza na chombo cha chama cha siasa, majirani wakakizoea hadi wakakifanya chao, na hakuna aliyekikabidhi rasmi.

Kenya iliazima jina la nyumba kumi baada ya shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013. Nyumba Kumi yao ilizaliwa kwa ajili ya usalama, ikawekwa chini ya machifu na manaibu wao, ngazi iliyorithiwa kutoka utawala wa Waingereza. Mbeba mizigo wa Kibera hukutana na dola kwenye baraza la chifu. Mwenye bustani kule Karen, kitongoji cha matajiri cha jiji hilohilo, yuko katika chama cha wakazi kilichosajiliwa, chenye wanasheria, ambacho kinaweza kuipeleka kaunti mahakamani juu ya ghorofa lililojengwa bila kibali. Jirani wa kwanza huitwa mkutanoni, wa pili ndiye mwitaji, na tofauti hiyo inatokana na hati ya kiwanja zaidi ya mila.

Nani basi hujenga ujirani bila kuitwa na dola wala kuwa na hati? Addis Ababa ilianzishwa mwaka 1886, ikavuta watu kutoka pande zote za Ethiopia, na wahamiaji hao walikutana na hofu ambayo kila mhamiaji wa Tandale au Mbagala anaijua: nikifia hapa, nani atanizika? Kutokana na hofu hiyo ilikua iddir, chama cha kuzikana. Kila mwezi wanachama hutoa mchango uliopangwa. Chama kina kanuni zilizoandikwa, kiongozi, mweka hazina, na ghala la mahema, viti na masufuria makubwa. Mtu akifa, mpiga tarumbeta huzunguka alfajiri kutangaza. Asiyehudhuria mazishi bila sababu hutozwa faini. Mwaka 1975 serikali ya kijeshi ilitaifisha ardhi ya mijini na kuunda kebele, ngazi ya utawala ya mtaa. Kebele zikachukua madaraka mengi, lakini iddir hazikufa. Jiji lilipoanza kubomoa vitongoji vya katikati na kuwahamishia watu kwenye maghorofa ya pembezoni, wengi walibaki katika iddir yao ya zamani na kusafiri kurudi kuzika.

Msiba wa Dar es Salaam una roho hiyohiyo na umbo tofauti. Turubai linafungwa barabarani, daftari la michango linafunguliwa, kamati ya mazishi inapatikana kabla ya maiti kutoka hospitalini, akina mama wanagawana majiko, na mtu ambaye hajawahi kukanyaga mkutano wa mtaa anakesha usiku kucha kwa jirani aliyekuwa akimjua kwa salamu tu. Pana watu waliounda vikundi rasmi vya kufa na kuzikana, lakini mara nyingi kamati huzaliwa na msiba na huvunjika baada ya arobaini. Mwethiopia huwa na taasisi kabla ya kifo. Kwetu taasisi huletwa na kifo chenyewe. Ya kwao inadumu na ina hesabu, lakini aliyeshindwa mchango au aliyehamia jana anaweza kujikuta nje. Ya kwetu haiulizi kadi ya mtu, lakini kesho yake haina hata sufuria moja iliyo mali yake.

Nikirudi kwenye swali la kijiji na mtaa, nadhani hapo, kwenye umiliki, ndipo pa kutazama. Si kweli kwamba wakazi wa pembezoni mwa Dar hawana moyo wa jumuiya. Huchangishana kuweka kifusi barabarani, hulipa vijana wa ulinzi shirikishi, huvuta bomba la maji kwa michango na kununua kalavati kabla ya masika. Wanachokosa ni mahali pa kukiweka walichokichangia kikishakamilika. Kalavati ni la nani? Pampu ya kisima iliyochangiwa na kaya 40 iko kwa jina la nani? Kwa kijiji jibu lilikuwepo. Kwa mtaa, jibu ni jina la mtu mmoja mwaminifu, na mtu mmoja mwaminifu hufa, huhama au hurithiwa na watoto wasiojua ahadi zake.

Wajapani walijikwaa kwenye jiwe hilohilo. Kumbi za vyama vya ujirani, zilizojengwa kwa michango ya wote, zilikuwa zimesajiliwa kwa jina la mwenyekiti wa wakati huo, na warithi wake wakaja kuzidai au wasipatikane kutia saini. Mwaka 1991 bunge lao likaibadili sheria ya serikali za mitaa ili chama cha ujirani kiweze kusajiliwa na kumiliki. Masharti yake yanastahili kusomwa polepole na wenzetu wanaoandika sheria. Uanachama uwe wazi kwa kila mtu anayeishi eneo hilo, yeye binafsi, si kwa mkuu wa kaya peke yake. Sehemu kubwa ya wakazi wawe kweli wanachama. Pawe na kanuni zilizoandikwa. Na chama kisitumike kwa ajili ya chama chochote cha siasa. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliongeza kwamba mkazi wa nyumba za umma anaweza kujitoa katika chama cha wakazi wakati wowote autakao. Ni jumuiya inayomiliki mali na isiyomiliki watu.

Yapo mashaka ya haki. Vijiji vyetu vyenye nafsi ya kisheria vimewahi kuuza ardhi kwa mikutano ya mfukoni, na mtaa wenye maelfu ya wapangaji wanaohama kila kodi inapoisha haufanani na kijiji cha koo tatu. Ndiyo maana sipendekezi mtaa urudishiwe kila kilichokuwa cha kijiji. Ardhi ya jiji la watu milioni tano haiwezi kupangwa na mkutano chini ya mwembe, kama ambavyo Boston haikuweza kuendelea kubanana Faneuil. Lakini kati ya kupanga jiji na kugonga muhuri pana nafasi kubwa, na Brookline, chonaikai na iddir zimeijaza kila moja kwa namna yake. Mambo mawili yanawezekana bila kungoja maono makubwa: sheria iuruhusu mtaa, au chama cha wakazi wake kilicho wazi kwa wote, kumiliki kile ambacho wakazi wamekichangia, na hoja za mkutano wa mtaa zibandikwe ukutani wiki kadhaa kabla, hesabu zikiwa pembeni yake.

La kwanza linahitaji bunge. La pili linahitaji karatasi na gundi. Wewe unayesoma, mitaa mingi ya jiji hili hupanga chumba cha ofisi, na mingine ina kijumba chake kilichojengwa kwa michango. Mkutano ujao ukiitishwa, nenda, ngoja hadi mengineyo, kisha muulize mwenyekiti kwa adabu yote: kiwanja cha ofisi hii kimeandikwa kwa jina la nani?